Daftari la Mitungi

Kwa mhasibu wa fungu la maji:
jina lako silijui, naijua saini yako tu,
ule mkia mrefu kama wa samaki taa
chini ya karatasi iliyobandikwa kwa chifu, Mtongwe.
Ujenzi wa Kiwanda cha Kuondoa Chumvi, Awamu ya Kwanza.
Kisha tarakimu, na sufuri nyingi
hata mjukuu wangu Nyevu alizifuata kwa kidole
akapotea mara mbili.

Mimi pia ni mhasibu.
Daftari langu ni la mraba, la shule,
limelowa pembeni, linanuka mafuta ya taa.
Mtungi mmoja, shilingi ishirini mvua ikiwapo,
hamsini bomba la bara likikauka,
na Februari ile, Mungu anisamehe, niliuza sabini.
Wadaiwa nawaandika kwa wino mwekundu.
Mama Kwekwe, mitungi minne, amejifungua.
Mwalimu wa madrasa, sita, watoto watawadhe.
Mlango wa buluu, mmoja. Jina sitaji, ana haya.
Wewe je, wanaokudai umewaandika wapi?

Kisima ninacho. Njoo ukionje.
Zama za nyanya yangu kilikuwa kitamu,
sasa bahari imepita chini kwa chini
kama mgeni asiyejua hodi.
Ukipika chai, maziwa yanakatika.
Sabuni haitoi povu, yateleza tu kama ahadi.
Ukifua leso, jina linabaki, rangi inakwenda.

Walikuja vijana watatu wenye miwani ya jua,
mbele yao Injinia Mutinda, kofia ya manjano.
Wakapima ufuo, wakapiga vigingi kumi na viwili
vyekundu, kila kimoja na nambari yake.
Akaomba maji. Nikampa ya kuuza,
akanywa mtungi robo, hakulipa, sikumwandika.
Nikamuuliza, na hiyo chumvi mtakayoitoa
mtaitupa wapi? Kwa nani?
Akacheka. Kisha akanyamaza, akatoa kalamu.
Kwa hilo namheshimu hadi leo: aliandika.

Mwaka wa pili vigingi vilibaki saba.
Kimoja chafunga mbuzi wa Mwakuzimu,
viwili ni goli, na kipa wao hodari.
Na kwa chifu karatasi mpya, mkia uleule:
fedha zimehamishiwa mahitaji ya dharura.
Niliisoma mara tatu, mtungi kichwani.
Dharura.
Nikarudi nyumbani nikijiuliza
kiu huko kwenu inaitwaje.

Marehemu mamangu alikuwa mtu wa beti.
Nyuma ya daftari lake la madeni, maana nimeirithi kazi,
aliacha huu mmoja, kwa hati za Kiarabu,
na doa la uji juu yake:

    Maji yametuzingira, na kisiwa kina kiu,
    Hayanyweki kwa hasira, wala hayapandi juu,
    Tulipiga nasi kura, wakaenda kusahau,
    Jirani asiyekupa, si jirani ni ukuta.

Hakuweka tarehe. Ningependa kukwambia ni wa zamani sana,
lakini wino wake bado waacha alama kidoleni.

Basi nimekufungulia ukurasa.
Juu nimeandika Serikali, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari.
Chini yake: Injinia, robo mtungi.
Ndiyo, sasa nimemwandika.
Chini ya hapo nimeacha nafasi,
maana sijui ngoja inauzwa shilingi ngapi kwa lita,
na wewe ndiwe uliyesomea.

Njoo asubuhi, kabla bati halijashika moto.
Usije na chupa ya dukani.
Nitakutekea kisimani, nitakupikia chai,
na maziwa yakikatika usiseme kitu.
Kunywa.
Kisha vuta kigoda, tuhesabu.